Lidia Hakuwa Peke Yake

Neno kwa akina mama wafanyabiashara wa mtaa wetu, na kwa waume zao

Masomo: Matendo ya Mitume 16:11–15; 18:1–4; 19:23–41; Ufunuo 2:18–29





Jumapili moja ya mwezi uliopita, baada ya Misa, akina mama wanne walitungoja mlangoni pa sakristia. Mmoja wao huuza mchele sokoni. Wa pili ana vyerehani viwili barazani kwake. Wa tatu ni mama lishe pale stendi ya mabasi. Wa nne hukamua alizeti na kuuza mafuta. Walikuja na swali moja. Wamealikwa kujiunga na chama cha wanawake wafanyabiashara wa mji huu, ambacho hukutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Humo wamo Waislamu, wamo Wakatoliki, Walutheri na Wapentekoste, na wamo wengine ambao hawasali popote. Wakauliza, "Padre, tukiingia humo tutakuwa tumekosa?"

Siku ile hatukuwajibu. Tuliwaomba watuvumilie, kwa sababu swali hili lina historia katika mtaa wetu, na historia hiyo si ya kujivunia. Yafaa tuiseme hapa mbele ya wote, kabla hatujamfundisha mtu yeyote neno lolote.

Miaka mitatu iliyopita swali hilihili lilifika katika Halmashauri ya Mtaa, nasi tulilijibu upesi. Tulisema kwamba mama Mkristo anao Umoja wa Akina Mama, na huo unamtosha. Tulisema vyama vya mjini ni mambo ya dunia, vitawatoa akina mama katika sala na kuwatia katika masengenyo. Tuliandika hivyo katika kumbukumbu za mkutano, tukafunga kwa sala, tukaenda zetu.

Mjane mmoja alitutii. Alikuwa akiuza vitenge na kushona. Mwaka uliofuata biashara yake ilidhoofika, na karo ya watoto ikawa inadaiwa. Hakuwa na mwenzake wa kazi wa kumwuliza. Akaenda kwa wakopeshaji wa mitaani, wale ambao mikopo yao watu wameipa jina la "kausha damu". Riba ilihesabiwa kwa wiki. Aliposhindwa kulipa walikuja na mkokoteni, wakachukua cherehani, kisha wakachukua mzigo wa vitenge. Sisi tulipata habari jioni yake. Tulikwenda nyumbani kwake, tukaimba, tukamwombea. Sala zetu zilikuwa njema, lakini zilifika baada ya mkokoteni.

Je, ni nani waliomwinua mama huyu? Ni wanawake watatu wa chama kilekile tulichomkataza. Wawili kati yao ni Waislamu. Mmoja alimpa kona ya meza yake sokoni bila kodi. Mwingine alimpa vitenge kwa mali kauli, yaani chukua uuze kisha ulipe. Wa tatu alikwenda naye kwa afisa maendeleo ya jamii kuuliza haki zake juu ya lile deni. Leo mama huyo ana cherehani nyingine. Ametupa ruhusa tulieleze jambo hili bila kulitaja jina lake.

Ndugu zetu, tulipousikia mfano wa Msamaria Mwema ukisomwa mwaka huu, tulijiona wenyewe ndani yake. Sisi ndio tuliopita upande wa pili wa njia. Kwa hiyo tumeyafungua Maandiko upya, tukiwa tumetubu kwanza.

LIDIA WA THIATIRA

Katika Matendo ya Mitume sura ya 16, Mtakatifu Paulo anavuka bahari kutoka Asia na kufika Filipi, mji wa Makedonia. Siku ya Sabato anatoka nje ya mji mpaka kando ya mto, mahali pa sala, na hapo anawakuta wanawake waliokusanyika. Mmoja wao ni Lidia. Luka hatuambii habari za mume wake wala umri wake. Anatuambia kazi yake na mji wake: aliuza zambarau, naye alitoka Thiatira.

Kitambaa cha rangi ile kilikuwa ghali, kikivaliwa na wenye nafasi. Thiatira iko ng'ambo ya bahari, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, na mahali pale sasa panaitwa Akhisar. Filipi iko upande wa Ugiriki. Mwanamke anayeuza bidhaa ya thamani mbali namna hiyo na kwao hawezi kuifanya kazi hiyo peke yake. Lazima yuko anayetia rangi, yuko anayesafirisha, yuko anayempokea bandarini, na wako wanaomwamini kwa neno lake. Lidia alikuwa mtu wa watu.

Tena hata mahali pa sala hakuwa peke yake. Alikuwa pamoja na wanawake wenzake. Bwana aliufungua moyo wake, akabatizwa yeye na watu wa nyumbani mwake, kisha akawasihi mitume wakae kwake. Baadaye Paulo na Sila walipotoka gerezani, nyumba waliyoiendea ilikuwa ya Lidia, na ndugu walikuwamo. Kanisa la Filipi lilipata makao katika nyumba ya mama mfanyabiashara. Kama mtu angemwambia Lidia kwamba biashara na watu wake ni mambo ya dunia tu, mitume wangelala wapi?

KORINTHO: AKILA NA PRISILA

Sura ya 18 inatupeleka Korintho. Paulo anafika mjini mgeni. Anawaona Akila na Prisila mkewe, waliofukuzwa Rumi pamoja na Wayahudi wengine. Anakaa kwao na kufanya kazi pamoja nao, kwa kuwa wote walikuwa mafundi wa kushona mahema. Angalieni kwamba kilichowakutanisha kwanza ni ufundi. Walitambuana kwa kazi ya mikono yao, kama fundi cherehani anavyomtambua mwenzake kwa jinsi anavyoshika kitambaa. Ndani ya karakana ile urafiki ulikua, na Injili ikapata watenda kazi ambao Paulo anawasalimu katika nyaraka zake.

Basi kukutana kwa sababu ya kazi si jambo la aibu kwa Mkristo. Mtume mwenyewe alipata nyumba, riziki na marafiki kwa njia hiyo.

EFESO NA THIATIRA: HATARI ZAKE

Lakini Biblia haitudanganyi. Sura ya 19 inatuonyesha kusanyiko jingine la watu wa kazi moja. Demetrio, mfua fedha wa Efeso, aliwaita mafundi wenzake na kuwakumbusha kwamba utajiri wao unatoka katika vihekalu vya Artemi. Mahubiri ya Paulo yanaharibu soko, basi wachukue hatua. Mji mzima ukajaa ghasia. Watu walipiga kelele kwa muda wa saa mbili hivi, na Luka anatueleza kwamba wengi wao hata hawakujua kilichowaleta pale. Hatimaye karani wa mji aliwatuliza na kuwaambia mahakama ziko wazi kwa mwenye shitaka. Hiki ni chama ambacho faida imekuwa mungu wake. Anayeitishia faida ni adui, hata kama anasema kweli.

Kisha tusome Ufunuo sura ya 2, barua kwa Kanisa la Thiatira, mji uleule wa Lidia. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta huko maandishi juu ya mawe yanayotaja vyama vya mafundi: watia rangi, wafanyakazi wa sufu na wa kitani, wafinyanzi, waokaji mikate, mafundi wa ngozi na wa shaba. Walimu wengi wa Maandiko hueleza kwamba vyama hivyo vilikuwa na karamu zake, na katika karamu hizo nyama ilitolewa kwanza kwa sanamu. Mkristo fundi alipata shida. Asipokwenda, atapoteza wateja na wenzake. Akienda, atakula nini, na usiku ukiendelea atashiriki nini? Bwana anawasifu Wakristo wa Thiatira kwa upendo, imani, huduma na subira yao. Kisha anawakemea kwa kumvumilia mwalimu aliyewaambia kwamba hayo yote hayana neno.

Basi mji mmoja umetupa Lidia, na mji huohuo umetupa onyo. Hapa ndipo tulipokosea miaka mitatu iliyopita. Tulilichukua onyo, tukamwacha Lidia. Wengine nao humchukua Lidia wakaliacha onyo. Mkristo anapaswa kuvishika vyote viwili: aingie kwa moyo mweupe, na ajue mahali pa kusema hapana.

MAMBO TULIYOYAONA KATIKA NYAKATI ZETU

Tusidhani haya ni habari za zamani tu. Mwaka 1972, katika mji wa Ahmedabad nchini India, Ela Bhatt aliwakusanya wanawake wenye kazi ndogondogo, wauza mboga, wabeba mizigo, washonaji wa nyumbani, wakaanzisha chama chao kiitwacho SEWA. Benki hazikuwataka. Mwaka 1974 wanawake 4,000 walitoa rupia 10 kila mmoja wakafungua benki yao wenyewe. Wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Walichokuwa nacho ni kuaminiana.

Hapa Afrika tunaye Esther Ocloo wa Ghana, aliyezaliwa mwaka 1919. Alianza na shilingi chache alizopewa na shangazi yake. Akanunua machungwa na sukari, akapika jemu, akaiuza. Alipofanikiwa hakuufungia ujuzi wake kabatini, bali aliwafundisha wanawake wengine. Taasisi ya Women's World Banking ilipoundwa mwaka 1979 ili kuwasaidia wanawake wadogo wa biashara kupata mikopo, yeye alikuwa miongoni mwa waasisi, akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Alifariki mwaka 2002, lakini mlango alioufungua haujafungwa.

Nchini kwetu Tanzania, Chama cha Wanawake Wafanyabiashara, TWCC, kipo tangu mwaka 2005. Katika miji na vijiji viko vikundi vya VICOBA na vingine vya namna hiyo, ambapo akina mama huweka hisa na kukopeshana. Tena ziko nafasi ambazo mtu peke yake ni vigumu kuzifikia. Halmashauri za wilaya na miji hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973, hufundisha usindikaji na ufungashaji, na huwaongoza wajasiriamali wadogo katika safari ya kupata alama ya ubora ya TBS. Yule mama yetu wa mafuta ya alizeti hakuyajua haya. Huuza mafuta yake katika chupa za maji zilizotumika, na maduka makubwa humrudisha mlangoni. Aliyemwambia habari za SIDO ni mwenzake wa sokoni, si sisi.

NAMNA YA KUINGIA

Akina mama wapendwa, mkitaka kuingia katika chama, tunawasihi myapime mambo haya.

Kwanza, ulizeni chama kinaishi kwa nini. Chama chema huishi kwa kazi, akiba na mafunzo. Kina katiba, kina daftari linaloweza kufunguliwa mbele ya wote, kina viongozi wanaochaguliwa. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya kuweka na kukopeshana vinatakiwa kuandikishwa. Ombeni kuona cheti. Lakini mkiambiwa kwamba faida itatoka kwa kuwaleta watu wapya, na fedha zitazaa bila kazi, ondokeni. Huo ni upatu haramu, hata ukifunguliwa kwa sala.

Pili, msiende na mfuko mtupu. Wako wanaojiunga ili wajulikane kwa wakubwa, wapate wateja, kisha watoweke. Mkristo aulize kwanza, "Nimewaletea nini wenzangu?" Unajua bei ya mchele Kyela, waambie. Unajua kukata nguo, mfundishe binti anayeanza. Kumdhamini mwenzako ni kazi ya upendo, lakini dhamini kile unachoweza kukilipa, usije ukaitia nyumba yako mashakani.

Tatu, semeni kweli. Mkopo uliouchukua kwa ajili ya biashara usigeuzwe sare ya harusi. Ukikwama, sema mapema kabla siku ya marejesho haijafika. Wengi hujificha kwa aibu, wakabadilisha njia ili wasikutane na mweka hazina. Mjane wetu alituambia kwamba kilichomwangamiza zaidi ni kunyamaza, si riba.

Nne, jueni mpaka wenu. Mkialikwa kutoa rushwa ili chama kipate zabuni, kataeni. Mkitakiwa kupunguza mizani, kataeni. Ikiwa mtu anawaambia biashara haiendi bila mganga, kataeni kwa upole, wala msimdharau. Hiyo ndiyo nyama ya sanamu ya siku zetu. Huenda mtapoteza mteja. Wakristo wa Thiatira nao walipoteza, na Bwana aliyajua matendo yao.

Tano, waheshimuni wasio wa imani yenu. Mkutano ukiangukia Ijumaa mchana, wakumbukeni wenzenu wanaokwenda msikitini. Nao watawakumbuka Jumapili. Hamkutumwa humo kubishana. Mmetumwa humo kuwa waaminifu, ili mtu akikuuliza kwa nini hukudanganya wakati ulikuwa na nafasi, uwe na jibu.

KWA WAUME, NA KWA UMOJA WA AKINA MAMA

Akina baba, tunajua wasiwasi wenu. Mnasema mke akijiunga na vyama atapata kiburi, atachelewa kurudi, hatawasikiliza. Tuulizane kwa haki: ni mara ngapi faida ya meza ya sokoni imelipa karo na dawa, na sisi tukakaa kimya tukila? Kama chama ni cha wazi, mume hana sababu ya kuogopa. Mama naye asifiche deni wala akiba. Kaeni chini pamoja jioni moja, mlitazame daftari. Akila na Prisila walishona pamoja, na majina yao katika Maandiko hutajwa pamoja.

Kwa viongozi wa Umoja wa Akina Mama tunasema hivi. Msikione chama cha mjini kama mpinzani. Umoja wenu ulianzishwa Uingereza mwaka 1876 na Mary Sumner, mke wa padre, aliyewaita wanawake wa mtaa wake, wenye mali na wasio na mali, wakae pamoja. Inasimuliwa kwamba katika mkutano ule wa kwanza alishikwa na woga hata akashindwa kusema, akawaomba warudi juma lililofuata. Basi mama atakayetetemeka kusimama mbele ya wafanyabiashara wenzake na kutaja kazi yake, akumbuke kwamba hata mwasisi wenu alitetemeka. Halmashauri imekubali kwamba siku ya chama isigongane na siku yenu ya sala. Nanyi mkiwa na nafasi, mkusanyeni kila mwanachama asiye na mwenzake wa kazi, mmshike mkono kabla mkokoteni haujaja.

JIBU LETU

Kwa hiyo tunawajibu wale akina mama wanne waliotungoja mlangoni. Hapana, hamtakuwa mmekosa. Ingieni. Ile kauli ya miaka mitatu iliyopita tumeifuta katika kumbukumbu za Halmashauri. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya Ekaristi, mje mbele ya altare na vifaa vya kazi zenu, mizani, mkasi, mwiko na chupa ya mafuta, tuviombee baraka. Yule mjane atasimama pamoja nanyi. Na wale wanawake watatu waliomsaidia tumewaalika kunywa chai nasi uani, ili tuwashukuru kwa midomo yetu wenyewe. Wamekubali kuja.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyeufungua moyo wa Lidia kando ya mto, ifungue na mioyo yetu. Uwabariki akina mama wanaoamka alfajiri kwenda sokoni. Uwape wenzao waaminifu, mizani ya haki, na ujasiri wa kukataa lililo ovu. Uwaponye walionyang'anywa jasho lao. Utusamehe sisi viongozi kwa majibu yetu ya haraka, na utufundishe kufika mapema. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.